Nani Alipanda Paa la Akeyo

Shairi lenyewe lilikuwa la mishororo minne tu, lakini lilitosha kumfanya Mwalimu Elkana Machuki asahau chai yake mpaka ikapoa. Lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa chumba cha walimu, kati ya ratiba ya zamu na tangazo la mbio za nyika:

Amekiandika chuo, hadithi hakuisoma,
Akeyo kampa choyo, na kiburi na lawama,
Nani alimpa cheo, cha kumhukumu mama?
Rudi darasa la leo, ukae nasi kusoma.

Chini hapakuwa na jina, wala halikuhitajika. Katika shule ile ya upande wa Ogwedhi, ambako siku ya soko ng'ombe hupita nyuma ya madarasa wakiacha vumbi na harufu yao hadi jioni, aliyejua kuhesabu mizani kwa vidole alikuwa mmoja tu. Naye alikuwa ameketi dirishani, kalamu nyekundu mkononi, akijifanya anasahihisha.

"Kijana," Machuki aliita.

"Mwalimu," Frankline Omondi aliitikia bila kuinua kichwa.

"Takataka hii ni yako?"

"Hesabu mizani kwanza. Ukipata nane kwa nane, hiyo si takataka. Takataka ni kitu kinachouzwa kikiwa na jalada la manjano."

Walimu wawili waliokuwa wakinywa chai waligeuza nyuso zao ukutani wasionekane wakicheka. Jalada la manjano lilikuwa la mwongozo wa fasihi aliouandika Machuki. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne alikuwa nao, umekunjwa mfukoni au umewekwa chini ya mto, na kila mmoja alijua kwa moyo yaliyoandikwa humo kuhusu hadithi ya "Bakuli la Obade".

Ugomvi wote ulitokana na hadithi hiyo, ya kurasa nne tu. Ilikuwa ya zamani. Baba zao wanafunzi waliisoma, na baadhi ya babu zao pia. Mvuvi aitwaye Obade anamwacha mkewe Akeyo nyumbani na kwenda kisiwani kuvua, akiahidi kurudi wakati wa mavuno. Mavuno sita yanapita. Asubuhi moja kijiji kinaamka na kuona kuwa kile kijiti kirefu kilichosimama kwenye kilele cha paa la Akeyo, kile ambacho Wajaluo hukiita osuri, kimeanguka uani. Kimevunjika vipande viwili, na umande uko juu yake. Kabla umande huo haujakauka, shemeji yake Akeyo, Radier, ndugu wa Obade anayekaa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku, anaingia uani na kigoda chake kwapani. Akeyo anafunga mlango. Mwezi huohuo Obade anarudi, analiona paa akiwa mbali, anakaa langoni asiingie. Akeyo anamletea chakula katika bakuli lake la udongo, analishika kwa mikono miwili. Obade hali. Anainuka, anarudi alikotoka. Akeyo analiosha bakuli na kulirudisha mahali pake. Hadithi inaishia hapo.

Mwongozo ulisema: Akeyo ni mke msaliti, mwenye tamaa na kiburi. Kijiti ni ishara ya mamlaka ya mume. Bakuli ni ishara ya unafiki. Mara tatu Machuki alikuwa amepigia mstari neno "unafiki".

Frankline alikuwa amesimama mbele ya kidato cha nne na kuwaambia wachane ukurasa huo.

"Kijiti kinasimama juu ya paa maadamu mwenye nyumba yu hai," aliwafundisha. "Akifa, kinaondolewa. Sasa mnaona alichofanya Akeyo? Amemwua mume mtoro bila kumgusa! Ameamka asubuhi, akapanda, akavunja, akasema: huyu kwangu ni marehemu. Chakula cha langoni ni sadaka ya maiti. Huyo si msaliti, huyo ni shujaa!"

Darasa lilipiga meza. Jeff, mwanafunzi aliyekuwa hodari wa kupiga kelele kuliko wote, aliandika SHUJAA kwa herufi kubwa kwenye jalada la manjano.

Ndivyo mambo yalivyofika kwa mwalimu mkuu, Madam Edith. Mwanamke huyo hakuwa na desturi ya kukaribisha mtu kiti. Aliwaita wote wawili wakasimama mbele ya meza yake kama watoro.

"Mtihani ni wiki tatu kutoka leo," alisema. "Watoto wangu nusu wanaandika msaliti, nusu wanaandika shujaa, na wengine wanaandika yote mawili ili wapate angalau moja. Alhamisi kuna kongamano la fasihi Homa Bay, shule nne. Mtajadiliana huko mbele ya watahiniwa. Nitasikiliza. Aliyewapotosha watoto nitamjua."

"Madam, mimi nimefundisha miaka ishirini na sita," Machuki alisema.

"Na wewe, Omondi," Edith aliendelea kana kwamba hakusikia, "kandarasi yako ya bodi ya shule inaisha Ijumaa. Karatasi hii hapa. Sitaitia sahihi kabla ya Alhamisi."

Frankline alitoka na shingo imenyooka. Alikuwa ameacha chuo mwaka wa pili. Ushairi alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyochakaa vya maktaba ya Migori, akinakili beti kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuwa na cheti wala namba ya ualimu. Bila sahihi ya Edith hakukuwa na shule nyingine ambayo ingemkabidhi chaki, na mtaani Oruba, Migori, kwenye vyumba vya kupanga alikozaliwa, mama yake alikuwa ameshawazoesha majirani kumwita Mwalimu. Angerudi kuwa nani?

Machuki alimpita kwenye kibaraza akamnong'oneza, "Ijumaa nitakusaidia kubeba vitabu vyako."

"Beba miongozo yako kwanza, mzee. Ni mingi na haina kazi."

*

Siku ya Alhamisi ukumbi wa shule moja ya Homa Bay ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Upepo wa ziwani uliingia na harufu ya dagaa wa omena walioanikwa. Mbele, juu ya jukwaa, palikuwa na meza mbili zilizotazamana, na katikati yake Mwalimu Lorine wa shule mwenyeji, aliyepewa kazi ya kuongoza na ambaye tayari alionekana kujuta kuikubali.

Frankline alifika amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Katika safu ya pili, kati ya wasichana wa sare, aliona mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kitambaa kichwani, mfuko wa plastiki mapajani.

"Mama," alimwambia, akitabasamu kwa ajili ya wanafunzi, "chai ni saa nne. Jikoni ni kule nyuma."

"Sikuleta chai," mwanamke alisema. "Mimi ni mtahiniwa. Namba yangu ya mtihani unataka nikusomee?"

Ukumbi ulicheka. Lorine aliinama na kumweleza Frankline upesi: huyo ni Marcella, anauza samaki Kendu Bay, anarudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Frankline alicheka pamoja na wengine, kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaenda kuketi.

Machuki alianza. Alizungumza polepole, akisoma kutoka kwenye mwongozo wake, na kila alipofika kwenye jambo la kuandikwa alitulia ili kalamu zimfikie. Mke mwema husubiri. Akeyo hakusubiri. Alipanda juu ya nyumba ya mume wake na kuiaibisha mbele ya kijiji. "Na mtu akishaaibisha nyumba," alimaliza, "hata akipika, chakula chake ni uongo."

Frankline hakungoja aitwe.

"Mwalimu Machuki," alisema, "kwenu Kuria mna nyumba zenu na mila zenu, sizitukani. Lakini paa la Kijaluo umelijulia wapi? Umeandika kwamba kijiti ni mamlaka. Ni mamlaka gani hayo? Uliza mtoto yeyote hapa! Kijiti ni uhai wa mwenye nyumba. Kikivunjwa, mwenye nyumba amezikwa. Wewe umesoma hadithi hii miaka ishirini na sita ukiwa nje ya lango, kama Obade!"

Madirisha yalipiga makofi. Jeff alisimama juu ya kiti na kushushwa.

"Na wewe ulilijulia wapi?" Machuki aliuliza, sauti yake ikiwa chini. "Umezaliwa chini ya mabati Migori. Paa la nyasi uliliona kwenye kalenda?"

"Damu yangu inalijua."

"Damu haina macho, kijana."

"Na mwongozo wako hauna aibu!"

"Walimu, walimu," Lorine alisema.

Frankline alisimama wima, akaifuata sauti yake mwenyewe kama anavyofuata ubeti unaoanza kujiandika. Aliwasimulia Akeyo akiamka gizani. Aliwasimulia mguu wake wa kwanza kwenye ukuta, wa pili kwenye nyasi, mkono ukishika kijiti, kijiti kikilia na kuvunjika. Aliwasimulia mwanamke amesimama juu ya kilele cha nyumba aliyofungwa ndani yake miaka sita, na kijiji chote kiko chini ya nyayo zake. Wasichana walikuwa wameacha kuandika, wanamtazama tu. Hata Edith, aliyeketi ukutani na mkoba wake magotini, alikuwa ameinama kwa mbele.

Aliketi akijua ameshinda. Aliona sahihi ya Edith kwenye karatasi, wino haujakauka.

"Kuna swali?" Lorine aliuliza.

Marcella alisimama. Hakungoja kipaza sauti.

"Nani alipanda?" aliuliza.

"Samahani?"

"Nauliza nani alipanda juu ya hiyo nyumba."

Frankline alitabasamu kwa upole, kama anayezungumza na mtu aliyechelewa kuingia darasani. "Akeyo, mama. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Nimesoma hadithi yenyewe. Iko hapa." Alitoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki. "Imeandikwa kijiti kilikuwa chini na umande juu yake. Haikuandikwa Akeyo alipanda. Nionyeshe mstari."

Kurasa zilianza kufunguliwa ukumbi mzima. Frankline alifungua yake. Alijua mstari ule ulipo, aliutafuta juu, akautafuta chini, akageuza ukurasa na kurudi.

"Inaeleweka tu," alisema.

"Inaeleweka na nani? Wewe ni Jaluo ama umevaa jina tu? Mwanamke wa Kijaluo hapandi juu ya nyumba. Hata ikivuja. Hata kuku akikwama huko. Nyasi ziking'olewa na upepo unakaa chini unangoja mwanamume aje. Ukipanda, umelaani boma. Mama yako hakukuambia?"

Mama yake hakuwa amemwambia. Vyumba vya Oruba vilikuwa vya mwenye nyumba, na mabati yakivuja aliitwa fundi. Lakini aliposikia tu maneno hayo Frankline aliyatambua. Aliyakumbuka kutoka kwa shangazi mmoja, katika msiba mmoja wa kijijini, akimfokea msichana aliyekuwa ameanza kupanda ngazi. Yalikuwa ndani yake wakati wote huo na hakuwahi kuyatafuta.

"Basi alipanda nani?" sauti ya msichana iliuliza.

"Soma mbele," Marcella alisema. "Radier anakaa mwendo wa nusu siku. Umande haujakauka, yeye yuko uani na kigoda kwapani. Nani alimwambia kijiti kimeanguka? Alitembea saa ngapi? Mtu anakuja kurithi mke wa ndugu yake aliye hai, kwanza lazima amwue ndugu. Amemwua usiku, juu ya paa. Halafu asubuhi anakuja na kigoda, akae kama mwenye nyumba."

Nje mbuzi alilia, mlio ukaingia ukumbini kama matusi.

"Na Obade?" Lorine aliuliza. Alikuwa amesahau kwamba kazi yake ni kuongoza tu.

"Obade alijua. Yeye si mtoto. Aliangalia paa akajua mwanamke hapandi, akajua ni ndugu yake. Angeingia, angelazimika kupigana na Radier. Akaona heri aonekane ameachwa na mke. Akarudi kwa samaki wake." Marcella alifunga kitabu. "Na bakuli ni bakuli. Alikuwa ameliweka safi miaka sita. Watu wote walikubali mtu amekufa, yeye peke yake akampelekea chakula. Huo ndio unafiki wenu. Niliandika hivi kwenye mtihani wa majaribio nikapata sufuri, kwa sababu haiko kwenye kitabu cha manjano."

"Mwalimu Omondi," Lorine alisema. "Unajibu?"

Jibu lilikuja lenyewe, laini, limevaa viatu. Akeyo hakupanda, ila alimtuma mtu. Ndiyo. Mwanamke hodari hutuma. Ushujaa wake unabaki, kijiti kinabaki, sadaka ya maiti inabaki. Machuki asingeweza kumpinga, hata mila hakuijua. Edith angetia sahihi.

"Tunaweza kusema," alianza, "kwamba Akeyo alimtuma mtu..."

Kalamu zilianza kukimbia. Zote, safu kwa safu, zikimwamini. Jeff alikuwa ameng'ata ulimi, akiandika haraka kuliko wengine: alimtuma mtu. Frankline alitazama kitabu chake. Hakuna mtu aliyetumwa katika kurasa zile nne. Hata mtoto wa jirani hakuwemo.

"Jeff," alisema. "Futa hilo."

"Sir?"

"Futa. Nimelitunga sasa hivi. Halimo." Aligundua kwamba anaongea kwa kufoka, kana kwamba Jeff ndiye aliyekosea. "Futeni na shujaa. Futeni na kupanda. Sikusoma. Nilitaka awe juu ya paa kwa sababu lilikuwa jambo zuri la kusimulia, nikampandisha mwenyewe."

Machuki alikuwa ameshasimama. "Mmesikia? Amekiri mbele ya shule nne! Tangu mwanzo nilisema kijana huyu..."

"Ukurasa wa kumi na mbili," Frankline alimkata, akaunyakua mwongozo wa manjano mezani kwa Machuki na kuusoma kwa sauti ya mnada. "'Akeyo anapanda juu ya nyumba ya mumewe, akiongozwa na tamaa.' Wewe pia ulimpandisha, mzee! Mimi nilimpandisha siku tatu, wewe miaka ishirini na sita!"

"Nirudishie kitabu changu."

"Uliwanyima watu alama kwa kitabu hiki!"

"Nirudishie!"

Waliushika wote wawili, na jalada likachanika kwa sauti ambayo hata waliokuwa madirishani waliisikia. Edith alifika katikati yao kabla Lorine hajainuka. Alichukua vipande vyote viwili, akavitia kwenye mkoba.

"Mwalimu Machuki, kesho nakala zote za mwongozo huu ziwe ofisini kwangu. Zote. Omondi." Alimgeukia. Frankline aliona kwamba hakuwa na furaha kusema atakalosema, na kwamba angelisema tu. "Umewaambia watahiniwa wangu wachane ukurasa mmoja, ukawapa mwingine wa uongo, zikiwa zimebaki wiki tatu. Siwezi kuitia sahihi karatasi hiyo. Kesho ni siku yako ya mwisho."

"Nimesema ukweli, Madam."

"Umeusema leo. Uongo uliufundisha tangu Jumatatu."

Machuki, aliyekuwa akirekebisha koti lake lililovutwa upande, alimsogelea, na kwa sauti ya mtu aliyelihifadhi jambo kwa siku zote nne tangu Jumatatu, alikariri:

"Rudi darasa la leo, ukae nasi kusoma." Alitabasamu. "Nane kwa nane. Nilihesabu."

Ngumi ya Frankline ilijikunja, ikakunjuka. Alishuka jukwaani. Mlango ulikuwa mkono wa kulia, na kila mtu alingoja kumwona akiupita. Badala yake alienda safu ya pili.

"Sogea," alimwambia Marcella.

"Sisogei."

"Mama, nataka kukuuliza ulijuaje."

"Nilijuaje?" Marcella hakushusha sauti, na wasichana waliomzunguka walimgeukia. "Mume wangu alienda kisiwani Remba kuvua. Miaka miwili, kimya. Siku moja niko jikoni nakaanga omena, nasikia vishindo juu ya nyumba yangu kubwa. Natoka, shemeji yangu yuko juu, kijiti mkononi. Nikampigia mume simu. Alipokea. Alikuwa hai, anakula, nilisikia anatafuna. Akasema mambo ya ndugu yake hawezi kuingilia." Alipangusa jalada la kitabu chake, ingawa halikuwa na vumbi. "Kijiji kizima kinasema mimi nilivunja. Nimekuja shule kwa miguu yangu, nakuta kitabuni mimi nimevunja. Huyu mzee amenipandisha juu ya paa anitemee mate. Wewe umenipandisha unipigie makofi. Hakuna aliyeuliza kama nilipanda."

Frankline alifungua kinywa.

"Na usiniandikie shairi," Marcella alisema.

Alikifunga.

"Kuna nafasi kule nyuma," alimwonyesha kwa kidevu, "karibu na jikoni."

Alienda. Benchi la nyuma lilikuwa fupi mno kwa miguu yake, na magoti yalimfika kifuani. Mbele Lorine alikuwa akijaribu kurudisha utulivu, akiuliza kama kuna mwenye swali lingine juu ya bakuli. Machuki alikuwa ameketi peke yake kwenye meza yake, akimtazama Frankline kwa jicho lisilopepesa, na Frankline alimtazama vilevile, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka.

Mwishowe Frankline aligeuka, kwa sababu ilimbidi atafute kalamu. Alifungua hadithi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kutoka mstari wa juu, polepole, kidole chini ya kila neno.